Kioo Kilichotengenezwa Ili Kianguke

Wanangu mlioingia kazi ya vioo vya magari, mmenikuta nimeshaiacha. Mikono inatetemeka, na fundi wa vioo mwenye mikono inayotetemeka ni hasara kwa mwenye gari. Siku hizi nakaa mlangoni kwangu hapa Kavimvira, naangalia magari yanavyojipanga kuelekea mpakani. Mnapita, mnanisalimia vizuri, mnaniuliza habari za mgongo na habari za usingizi. Habari za kazi hamniulizi. Basi nitawaambia bila kuulizwa, maana mzee akikosa wa kumuuliza hujijibu mwenyewe.

Nataka kusema juu ya kitu kidogo: kishikio cha kile kioo cha ndani, kinachokaa juu mbele ya dereva ili aone walio nyuma yake. Sisi hapa tunakiita retrovizeri. Najua mtacheka. Ninyi mnapenda habari za kioo kikubwa cha mbele, namna ya kukitoa kizima bila ufa, namna ya kukivusha mpakani bila kukivunja. Hayo yote nayajua na yote nimeyafanya. Lakini kishikio hiki kidogo kilinichukulia mke, na sina hamu ya kuzungumzia kingine.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sadiki, mtu mfupi, mkali, aliyekaa miaka mingi ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, akifungua vioo kwenye magari yaliyopata ajali. Alikuwa na tabia moja iliyonitisha. Gari lililoharibika likiletwa, kabla ya kuangalia chochote aliinama kutafuta retrovizeri. Akiikuta sakafuni, alishusha pumzi na kusema kwamba hapa mtu alipona. Akiikuta bado imeshika juu, alichukua kitambaa akaipangusa yeye mwenyewe, hakuniachia mimi. Ilinichukua muda kuelewa alikuwa anapangusa nini.

Ndiye aliyeniambia jambo ambalo wateja wangu wote wamekataa kuliamini mpaka leo: kishikio cha retrovizeri kimetengenezwa ili kiachie. Mule ndani mna springi ndogo na meno mawili yanayobana. Barabara ikitikisa, yanashika. Kichwa cha mtu kikipiga, yanaachia, kioo kinaruka upande wake na kichwa kinabaki upande wake. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Waliokitengeneza walimfikiria mtu atakayerushwa mbele, mtu wasiyemjua jina, wakamwachia nafasi ya kupona.

Kwa hiyo Mzee Sadiki alikuwa na namna yake ya kupima. Akimaliza kufunga retrovizeri, alimwita mwenye gari aje aone, halafu akaipiga kofi kwa kiganja kutoka chini. Ikianguka, alisema kazi imekwisha, akairudisha mahali pake. Ikikataa kuanguka, alifungua na kuanza upya. Hebu fikirini uso wa mteja. Amekuja kwa sababu retrovizeri yake inaanguka, amengoja asubuhi nzima juani, na fundi anaitengeneza kisha anaiangusha mbele ya macho yake na kusema iko tayari. Katekista mmoja aliwahi kutuuliza kama tumekunywa. Mzee akamjibu kwamba bado, lakini akiendelea kuuliza tutaanza.

Sasa shikeni haya, yatawafaa. Retrovizeri inayoanguka ovyo barabarani, mara nyingi kosa si lake. Kwanza ni vumbi: fungua, safisha meno kwa brashi kavu. Usitie mafuta hata ukibembelezwa, maana mafuta yanaita vumbi jingine na yanafanya meno yateleze. Pili ni springi iliyochoka: ikunje kidogo sana, chini ya unavyodhani inahitaji, kisha pima. Kama inapiga kelele, kata kipande chembamba cha mpira wa ndani wa tairi ukiweke kati. Upimaji ufanye saa sita juani, si asubuhi, kwa sababu plastiki ya asubuhi ni ngumu na ile ya mchana inalegea. Na umwondolee dereva vitu alivyoning'iniza hapo. Nimewahi kukuta rozari, kiatu cha mtoto mchanga, kengele ya mbuzi na kopo la manukato, vyote kwenye retrovizeri moja, na mwenyewe ananiuliza kwa nini inachoka.

Magari ya kwetu hayabebi watu kama yalivyokusudiwa. Mbele, pembeni ya dereva, kiwanda kiliweka kiti cha mtu mmoja, sisi tunakalisha wawili. Wa dirishani anakaa vizuri. Wa katikati anakaa nusu kwenye kiti na nusu juu ya mto uliofunika nafasi ya gia, miguu yote kaikunjia upande mmoja, mkanda hana. Uso wake unatazamana na retrovizeri. Ninyi mmezaliwa mkaikuta hali hiyo na hamwoni ajabu, hata mimi sikuiona.

Tena nafasi hiyo hapewi mgeni. Ni ya mtu wa dereva: mama yake, dada yake, rafiki aliyekua naye. Ndiye anayezungumza naye asisinzie, anayemmenyea ndizi, anayemshikia karatasi za gari kwenye vizuizi. Kukalishwa hapo ni heshima, na mtu wa dereva akionekana amekaa nyuma, paking nzima, pale teksi zinapongojea abiria, itauliza wamegombana nini.

Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa mtu wa dereva. Mdogo wake, Byamungu, aliendesha teksi kutoka Uvira kupitia Sange hadi Katogota, na Mama Zawadi alikwenda naye kila siku ya soko kununua mchele na mihogo. Mama yao alikufa Byamungu akiwa bado ananyonya. Dada yake ndiye aliyembeba mgongoni, akaenda naye shambani, akaenda naye hata shuleni mpaka mwalimu alipomrudisha nyumbani, na dada mwenyewe asirudi shule tena. Sikuwahi kuona ndugu wawili waliopendana vile. Wakiwa pamoja mimi ndiye niliyekuwa mgeni, nami nilizoea.

Halafu alikuwa mrefu. Nilipomwoa, ndugu zangu walinitania kwamba nimeoa mlingoti. Mwanamke mfupi akikaa pale katikati, retrovizeri inakuwa juu ya nywele zake. Kwa Mama Zawadi ilikuwa mbele ya paji la uso.

Retrovizeri ya Byamungu ilianza kuanguka kwenye mashimo. Siku moja ilimwangukia mapajani mama mmoja mchuuzi, gari zima likacheka, na madereva wa paking wakampa jina la Kioo Chini. Dereva anaweza kuvumilia njaa na barabara mbaya, lakini jina la kuchekwa halimpi usingizi, maana abiria wakimcheka wanapanda gari la mwenzake. Akaja kwangu. Nikasafisha, nikakunja springi, nikaweka mpira, nikapiga kofi. Ikakaa muda mzuri. Akaning'iniza tena vitu vyake, ikaanguka tena. Nikaitengeneza tena na kumgombeza, akanisikiliza kwa adabu kama kawaida yake.

Mara ya tatu hakuja. Alikwenda Sange kwa mchomeleaji mmoja nyuma ya soko. Yule akatupa kishikio chote, akachukua kipande cha nondo ya kujengea, akakikunja, akakichomelea kwenye ukingo wa paa na kufunga kioo juu yake kwa boliti. Byamungu alikuja kunionyesha amejaa furaha. Alishika ile nondo kwa mkono mmoja akajining'iniza nayo, gari likayumba, kioo hakikusogea hata kidogo.

"Shemeji, weye unatengeneza kitu ya kuanguka," aliniambia. "Minye nilikuwa natafuta kitu ya kukaa."

Nilimweleza yote ya Mzee Sadiki. Nikamwomba aniachie gari asubuhi moja tu niikate ile nondo, nimfungie kishikio kipya nilichokuwa nacho ndani. Akasema atakuja. Mnajua ilivyo kati ya mashemeji kwetu: shemeji hakatai, huchelewa. Wiki hii gari lina safari ya harusi, wiki ijayo lina matairi mabovu, nyingine amesahau, ananiomba radhi mpaka mimi mwenyewe naona aibu. Nilimfuata paking zaidi ya mara moja. Siku moja nilikwenda na msumeno mkononi, madereva wakauliza kama nimekuja kuchinja. Byamungu alikuwa ameshajaza abiria, na dada yake ameshakaa mahali pake katikati, ananipungia mkono.

Nyumbani nilimwambia mke wangu akae dirishani, au akae nyuma, mpaka nitakapokitoa kile chuma. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Nikae nyuma sawa mugeni?" akasema. "Bantu batasema nimegombana na mutoto wangu. Ule nilimubeba mugongo, Papa Zawadi. Leo iko na gari, nimukimbie?"

Nilisisitiza, tukakasirikiana, chakula cha jioni tukakila kila mtu anatazama upande wake. Asubuhi alikwenda Katogota, na alikaa katikati.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo. Nasema ndogo kwa sababu ndivyo kila mtu alivyoniambia, na nililichukia neno hilo. Walikuwa wanarudi, hawajafika Sange, ng'ombe wakavuka barabara, Byamungu akafunga breki, gari likateleza na kugonga ukingo wa mfereji. Taa moja ilipasuka. Wa dirishani alichubuka goti. Wa nyuma walitoka wanacheka kwa woga, wanajipangusa vumbi, na mama mmoja aliyekuwa na trei ya mayai alianza kuhesabu yaliyopona. Mama Zawadi hakutoka. Alikuwa ameinamisha paji la uso kwenye kioo, ametulia, wakadhani anasali.

Aliongea kidogo. Byamungu aliniambia kwamba aliuliza kama gunia la mchele limelowa. Walimleta hospitali, nikamkuta akiwa na bandeji na jicho moja limeziba, akanijua, akanishika mkono. Baadaye akaanza kutapika, kisha akalala. Niliketi pale nikimwita kwa jina lake la nyumbani, lile nililoacha kumwita tulipopata mtoto. Hakuamka tena.

Nirudi kwenye kazi kidogo, maana sikuanza ili niwalize. Naona magari mapya yanayopita mpakani sasa. Mengine retrovizeri imegandishwa kwenye kioo kikubwa chenyewe, kwenye kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, na mengine yana kamera nyuma na dereva anatazama picha. Mkikuta ya kugandisha, msitumie gundi yoyote ile mliyo nayo mfukoni. Gundi kali inafanya kioo kikubwa kipasuke jua likiwaka, halafu mwenye gari atakuja kuwatafuta. Nanyi mliozoea kusema kwamba retrovizeri haina kazi kwa sababu teksi imejaa na nyuma hakuonekani kitu, mnajidanganya. Dereva haitazami ili aone barabara tu. Anaitazama ili aone nani amelala, nani anatapika, nani anashuka bila kulipa. Ndiyo maana hapendi ianguke. Ukilijua hilo utazungumza naye vizuri kuliko nilivyozungumza mimi na wangu.

Sasa kilio. Kwetu dereva akifiwa, wenzake wa paking huja na magari yao, hubeba waombolezaji bure mpaka makaburini na kuwarudisha. Walikuja wengi, na nawashukuru mpaka leo. Baada ya mazishi watu walikaa uani kwangu kwenye mabenchi tuliyoazima kanisani. Gari la Byamungu lilikuwa limeegeshwa pale pale, taa yake moja imefungwa plastiki. Wanawake walikuwa wamelipangusa ndani.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Madereva watatu walisimama pembeni ya lile gari wakizungumza kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumza kwenye msiba. Mmoja akaingiza mkono dirishani, akashika retrovizeri, akaisukuma, akaivuta. Akawatazama wenzake. Kisha wakamwita Byamungu.

"Byamungu, pole sana ndugu," yule akasema. "Hii chuma ni nani alikufungia? Gari imegonga na hata haikutingishika."

Nilimwangalia shemeji yangu. Alikuwa hajala tangu hospitali, shati lake lilikuwa la mtu mwingine. Alinitazama mara moja, na hapo nikajua kwamba anajua ni ile nondo iliyomuua dada yake. Hakuna aliyemweleza, mimi sikumweleza, nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sitamwambia kamwe. Lakini aliendesha lile gari akiwa na dada yake pembeni yake, aliona mwenyewe. Kama angewaambia wale wenzake wasiende kwa mchomeleaji yule, wangemuuliza kwa nini, na angelazimika kusema mbele ya uwanja mzima kilichomuua aliyemlea.

"Iko Sange," akasema. "Nyuma ya soko. Mumwambie ni minye nabatuma."

Niliinuka. Watu walidhani nimezidiwa, wakanishika mikono, nikawaambia waniache. Nikawaendea wale watatu nikawaeleza pale pale, mfiwa na nguo zangu za msiba, kwamba kitu hiki hakifungwi hivyo, kwamba kinatakiwa kiachie, kwamba wana dada na mama wanaowakalisha pale katikati. Sikumtaja mke wangu na sikumtaja Byamungu. Walinisikiliza wameinamisha vichwa. Walisema ndiyo papa, pole papa, Mungu akutie nguvu. Wakanirudisha kwenye kiti changu, mmoja akaniletea maji.

Mmoja alikuja kwangu baadaye nikamfungia kishikio cha kawaida. Wenzake wawili walikwenda Sange. Na waliowaona wale wawili nao wakaenda. Mchomeleaji yule alipata kazi nyingi mwaka ule kuliko mimi, na sifa yake ilikuwa moja tu: chuma chake hata ajali haikitoi. Sikumchukia yeye. Hakuwahi kuelezwa. Nilichukia ile sifa, kwa sababu waliyoisifu ni nguvu ya kitu kilichompasua mke wangu kichwa.

Byamungu aliacha kuja nyumbani. Akipita na gari alipiga honi mara moja na kuinua mkono, bila kusimama. Watu waliniuliza kama mashemeji tumegombana na nikasema hapana, jambo ambalo lilikuwa kweli. Siku ya misa ya kumkumbuka dada yake alikaa benchi la nyuma kabisa, na nilipogeuka kumtafuta alikuwa ameshatoka. Nilikuwa nimepoteza wawili. Sikujua nimwambie nini nisimuumize zaidi, na nadhani yeye naye hakujua.

Halafu asubuhi moja akaja. Nilikuwa karibu kufunga karakana kwa heri, vifaa nimeshavigawa vingi. Alisimamisha gari mbele ya mlango, akashuka, akaniwekea ufunguo mkononi kama mteja yeyote.

"Shemeji," akasema, "utoe ile kitu."

Nikatafuta msumeno wa chuma. Nondo ya kujengea haikatiki upesi, na mikono yangu ilikuwa imeshaanza kuniasi. Nilifungua mlango wa dereva, nikapiga goti kwenye kiti, nikaanza. Byamungu akazunguka akaingia kwa upande mwingine, nikadhani anataka kunishikia kioo. Akajisogeza mpaka katikati, juu ya ule mto wa gia, akakunja miguu yote upande mmoja na kuweka uso wake mbele ya kioo. Nilimwambia atoke, vumbi la chuma litamwingia machoni. Hakutoka.

"Uache nikae," akasema. "Nataka nione kitu yenye alikuwa anaona."

Nikaendelea kukata. Vumbi lilimdondokea kwenye nyusi na kwenye mashavu, hakujipangusa, hakupepesa. Nilipumzika katikati ya kazi kwa sababu ya mikono, nikamuuliza anaona nini.

"Chuma," akasema. "Ni chuma tu."